Sarafu kwenye Bomba la Juu

Karakana, 3 Februari

Mpwa wangu,

Kila mtu hapa anakusalimu isipokuwa mimi. Mimi nakuandikia tu. Umenikatia simu mara mbili wiki hii, na mara ya pili hata sijafika nilikokuwa nakwenda. Basi nimeamua barua. Barua haikatiki. Unaweza kuichana, lakini utaisoma kwanza, nakujua.

Bibi yako hajambo. Daktari alimwambia atembeze lile goti kila asubuhi mpaka duka la dawa na kurudi. Anatembea mpaka hapa karakana, anakaa kwenye kiti cha wateja hadi saa sita, anawahadithia watu nilivyokuwa nakojoa kitandani. Nikimkumbusha kwamba daktari alisema kwenda na kurudi, anasema kwenda ameshakwenda. Mama yako amepaka sebule rangi ya kijani na hataki mtu aegemee ukuta. Tukienda kwake tunakaa wima kama watu waliokuja kuomba kazi.

Haya. Tuje kwenye hiyo baiskeli yako.

Fremu ya chuma niliyokutengenezea nilikupima mwenyewe mguu na mkono, nikakata bomba kwa bomba, nikachomelea kila kiungo. Umeipanda miaka minne. Umeanguka nayo mara ngapi? Mara tatu ninazozijua mimi. Ilipinda uma, nikaunyoosha, ukaendelea na safari. Sasa unaingia klabu, mtu anakupa fremu ya kaboni, na yangu unaiacha kwa mama yako, ambaye amempa nesi wa zahanati eti ilikuwa inamjazia korido!

Nilipoishika hiyo kaboni ulipokuja likizo, nilijua nimeshika nini. Ni kitambaa na gundi, mama. Nyuzi zimelazwa juu ya nyuzi, zikapikwa zikakauka. Sikatai kwamba ni nyepesi. Hata ndoo ya plastiki ni nyepesi. Lakini chuma kikiumia kinasema. Kinapinda, rangi inachubuka, kinalia kwenye kiungo, kinakuita: fundi, njoo unitazame. Kaboni inakaa kimya na uso wake mzuri vilevile, mpaka siku ikikuacha hewani.

Nina miaka thelathini na moja katika kazi hii na sijawahi kumharibia mtu fremu. Niambie jambo moja tu: yangu ilikuwa na ubaya gani?

Mjomba wako

*

Bweni la klabu, 20 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Barua sijaichana, nimeisoma mpaka mwisho, furahi. Mwambie Bibi namsalimu na kwamba mimi nataka kusikia zaidi habari za kitanda. Mama nimeshaongea naye kuhusu ile fremu, akaniambia nesi anaipenda na anaiosha kila Jumamosi, kitu ambacho mimi sikuwahi kukifanya.

Mimi sijambo. Asubuhi tuko barabarani, mchana niko kiwandani nakunja maboksi, vidole vyote vimechanwachanwa na karatasi. Chumba chetu kina vitanda viwili na baiskeli mbili ukutani, na ukitaka kufungua dirisha lazima uombe ruhusa kwa tairi.

Sasa nisikilize, maana kwenye simu hunisikilizi, unapumua tu ukisubiri zamu yako.

Fremu yako ilikuwa haina ubaya. Ilikuwa nzito. Nimeipima hapa kwa mzani wa Kocha kabla sijaipeleka kwa Mama: kilo moja na gramu mia tisa. Hii ya kaboni ni gramu mia tisa na thelathini. Kwenye barabara tambarare huoni tofauti, nakubali, na kwenye mashimo yako ilikuwa tamu kuliko zote, inanesa, haikuumizi mgongo. Lakini mlima wetu una kilomita kumi na nne za kupanda. Kilo nzima, Mjomba! Jifunge jiwe la kilo moja kiunoni, panda ngazi mpaka chumba cha Mama cha juu mara mia mbili, halafu uniandikie.

Na si uzito tu. Kaboni wanailaza nyuzi wanavyotaka. Chini, kwenye pedali, wanaifanya ngumu, nguvu ya mguu haipotei. Nyuma, chini ya kiti, wanaiacha inese. Chuma chako ni kilekile kote. Alumini nilipewa nilipoingia tu klabuni: nyepesi kiasi, bei yake rahisi, lakini inakutetemesha mpaka meno, na tunaambiwa inachoka yenyewe kwa miaka. Titani haishiki kutu, inanesa kama chuma na ni nyepesi kuliko chuma, ila hapa aliye nayo ni mwenyekiti wa klabu peke yake, na hapandi.

Jambo lenyewe ni hili. Tuko watano. Mashindano ya mlima ni tarehe 7 Juni na nafasi ni tatu. Nimeacha shule kwa ajili ya nafasi hii, unajua Mama alivyolia. Nisipoingia mwaka huu, nitakuwa mkunja maboksi anayemiliki suruali za kubana. Basi ukitaka kunisaidia, acha kunitisha kuhusu ndoo za plastiki.

Na unajifanya huipendi kaboni, lakini mbona uliporudisha baiskeli baada ya kubadilisha zile gololi, ulikuwa umeibandika stika ya karakana yako kwenye bomba la juu? Wenzangu wananicheka: “Fundi Chuma” juu ya kaboni! Kocha alisema niitoe. Nikamwambia ni ya mjomba wangu, haitoki.

Mpwa wako

*

Karakana, 18 Machi

Mpwa wangu,

Usione kimya. Kulikuwa na kazi. Halafu kulikuwa na mafua. Halafu mshona viatu wa jirani aliniomba nimsaidie kuhamisha kabati, na kabati halikupita mlangoni, tukavunja mlango, tukajenga mlango. Bibi yako alisimamia kazi yote kutoka kwenye kiti.

Mama yako ameegemea ukuta wake mwenyewe na gauni jeupe. Hatukucheka mbele yake.

Habari za uzito nimezielewa. Ngazi sikupanda, nina umri.

Nina swali dogo la kiufundi, la udadisi tu. Kuna mteja alinieleza kwamba wenye fremu za kaboni huzigonga kwa sarafu, sentimita kwa sentimita, wakisikiliza. Palipo pazima panalia kavu, kaa kaa kaa. Palipoumia ndani panalia kama umegonga mkate. Je, ni kweli? Na wewe yako umewahi kuigonga? Kwa mfano, tuseme, bomba la juu?

Nauliza tu. Na hiyo stika, kama Kocha anaona kero, itoe, mimi sitakasirika.

Mjomba wako

*

Bweni la klabu, 29 Machi

Mjomba,

Shikamoo, pole na mafua, poleni na mlango.

Hivi unanitafuta nini? Mwezi mzima hujajibu, halafu unakuja na maswali ya udadisi! Wewe, ambaye hujawahi kudadisi kitu chochote ambacho hakichomelewi! Haya, ndiyo, watu hugonga sarafu. Ndiyo, nimeigonga. Inalia kavu kote, juu, chini, mbele, nyuma. Umeridhika?

Na stika sitoi. Juzi ulikuwa unanishtaki kwamba nimekutupa, leo nikikubandika kifuani unataka nikubandue. Chagua moja.

Kocha ametutaja wanne, mmoja kaondolewa. Mimi bado nimo. Mwambie Mama, mwambie na Bibi. Naomba mwezi huu mniache nipumue.

Mpwa wako

*

Karakana, 9 Aprili

Mpwa wangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili nimesimama mlangoni! Inalia kavu kote! Vizuri sana. Vizuri mno. Nimekuwa mtu mpya. Bibi yako ameniuliza kama nimepata mchumba.

Hongera kwa kuwa miongoni mwa wanne. Mama yako ametangaza mtaa mzima, hata kwa watu ambao hatusemezani nao. Nesi naye amesema atakuombea, juu ya baiskeli yako.

Unajua, nimefikiri, na labda nilikuwa mkali bure. Kila kitu kina kazi yake. Chuma kina kazi yake na kaboni ina kazi yake, na mtu mzima akubali mambo mapya. Panda tu mwanangu, kanyaga, usiogope kitu.

Mjomba wako anayekujali

*

Bweni la klabu, 16 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Hamjambo wote? Bibi goti vipi? Kaa nalo hilo swali nami nikae na langu, kwa sababu leo siwezi kuzunguka.

Nilikudanganya. Haikulia kavu kote.

Siku ileile nilipopata barua yako ya sarafu nilicheka, nikachukua sarafu, nikagonga ili nikujibu kwa kiburi. Nilianza mbele, kaa kaa kaa, mpaka nilipofika kwenye stika yako. Pale pakalia bup. Nikarudia. Bup. Nikabonyeza kwa kidole gumba, pakaingia kidogo. Sikuthubutu kuibandua nitazame.

Najua ni nini. Mwanzoni mwa Februari niliteleza kwenye kona ya kiwanda, barabara ilikuwa imemwagika mafuta, baiskeli ikalala na mimi juu yake. Fremu haikuwa na mkwaruzo. Sikumwambia Kocha. Kanuni yake ni kwamba ukianguka unasema siku ileile, na baiskeli inakaguliwa. Nikafikiri: wakiichukua, napanda nini? Nafasi inakwenda. Nikanyamaza. Ulipouliza wewe, nikaona nikikuambia ungempigia Mama, Mama angempigia Kocha. Nikakunyamazia na wewe.

Tangu hapo nashuka nayo mlima. Juu ya mwendo wa kilomita sitini kwa saa inalia kidogo, tik, tik, chini ya mapaja. Jana wametaja watatu. Mimi ni wa pili, Mjomba. Wa pili!

Nakuomba kitu kimoja, na nakuomba kama mtoto wako. Wewe unajua kazi ya mikono kuliko mtu yeyote. Je, unaweza kuiziba? Nimesikia wanasugua, wanalaza kitambaa kipya na gundi, wanapaka rangi, haionekani. Ukikubali nitaituma kwa basi la asubuhi, nitasema gia zinahitaji fundi wangu. Unirudishie kabla ya tarehe 1. Usimwambie Mama.

Usinigombeze. Nimejigombeza ya kutosha. Kila ninapogusa ile stika najiona mjinga, maana fremu nilipewa nzima na uzembe ni wangu.

Mpwa wako

*

Karakana, 24 Mei

Mpwa wangu,

Jana nilipokupigia nikakuambia usiitume wala usiipande tena, hata mpaka dukani, ukauliza kwa nini, nikasema mtandao mbaya nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri. Ulimi ndio ulikuwa mbaya.

Salamu zitakuja baadaye, kama utazitaka.

Fremu si wewe uliyeivunja. Ni mimi.

Mwisho wa mwaka, uliponiachia baiskeli, ulikuwa umebandika karatasi kwenye bomba la juu: “Mjomba, usiibane hapa. Ibane kwenye bomba la kiti tu.” Nikaisoma, nikaikunja, nikaitupa. Nikasema, huyu mtoto nimembeba mgongoni, leo ananiandikia namna ya kushika baiskeli! Nikaibana kwenye jiriwa palepale kwenye bomba la juu, kama nilivyobana kila fremu iliyopita mikononi mwangu. Nikakaza. Chuma huwa kinakusukuma mkono, unajua pa kusimama. Hii haikunisukuma. Nikasikia kitu kama mtu amekanyaga ganda la yai. Dogo tu. Nikafungua, nikatazama: alama mbili nyembamba, moja kila upande, unaweza kuzikosa.

Nilikaa chini mwanangu. Bibi yako siku hiyo hakuwepo, na nilishukuru hakuwepo. Kisha nikafungua droo nikachukua stika.

Ndiyo. Stika ilikuwa ya kufunika.

Nilijiambia hazina neno, ni rangi tu. Nikajiambia nitakueleza ukija. Nikaandika barua ya kukufanya uichukie kaboni, ili uiache mwenyewe bila mimi kusema kitu. Ulinijibu kwa hesabu za mlima na za nyuzi, na ulikuwa na haki, na hilo likanikasirisha zaidi. Kisha nikasikia habari ya sarafu, nikakuuliza, ukasema inalia kavu. Lo, nilivyofurahi! Nilitaka iwe kweli, basi ikawa kweli. Nikakuandikia upande usiogope. Mkono huu huu.

Siwezi kuiziba. Ukweli ni kwamba sijui. Naweza kupaka kitu juu kikang'aa, ukashuka nacho, na mimi nikakaa hapa nasubiri simu. Sitafanya. Nimeshafunika mara moja.

Nenda kwa Kocha leo. Mpe barua hii aisome yote, jina langu na la karakana yangu. Nina miaka thelathini na moja ya kusema sijawahi kuharibu fremu ya mtu. Sasa nimeharibu, na tazama ni ya nani.

Mjomba

*

Bweni la klabu, 14 Juni

Mjomba,

Sijasema shikamoo, na najua sijasema.

Nilikwenda kwa Kocha na barua yako na baiskeli. Nilimwambia yangu kwanza, kuhusu kuanguka na kuhusu sarafu, halafu nikampa yako. Alisoma akiwa amesimama. Akabandua stika kwa ukucha. Kisha akaleta msumeno, akakata bomba mbele yetu wote wanne, akatuonyesha ndani. Nyuzi zilikuwa zimesagika pande mbili zinazotazamana, sawasawa na midomo ya jiriwa. Akasema kuanguka hakuwezi kubana. Akasema ilikuwa imebaki kidogo mno, na kwenye kona ya tano, ile yenye ukuta wa mawe, ingekatika.

Kwa hiyo fremu sikuivunja mimi. Nimefurahi sana, kama unavyodhani.

Nafasi nimekosa. Unajua kwa nini? Ghalani kulikuwa na fremu ya akiba, Mjomba. Kipimo changu. Ndani ya boksi, tena boksi la kiwandani kwetu, pengine nimelikunja mimi. Imekaa pale tangu Januari. Ningesema Februari ningekaguliwa, ningepewa ile, na leo ningekuwa na namba mgongoni. Kocha alisema: “Fremu si kosa lako. Lakini ulijua tangu Machi, ukawa unashuka na wenzako mkipishana mkono kwa mkono. Ingekatika, ungeangusha watatu.” Fremu ya akiba na nafasi yangu akampa wa nne. Tarehe 7 mimi niligawa chupa za maji.

Nimeteremka mlima ule mara arobaini na moja tangu nirudi kutoka likizo. Nimehesabu kwenye daftari la mazoezi. Mara arobaini na moja, na kila mara ulikuwa unajua! Unakaa pale kwenye kiti chako, unachomelea, unakunywa chai, unajua! Uliniandikia chuma kikiumia kinasema. Mbona wewe hukusema?

Nilikuwa nimejiandaa kukuandikia maneno mabaya zaidi ya haya. Nimeyaandika nikayachana, mara tatu. Kila neno ninalotaka kukutupia linanirudia. Uliona ukafunika, na mimi niliona nikaacha pamefunikwa. Hata kukukasirikia vizuri umeninyima, na hilo ndilo linalonitia wazimu.

Usinipigie simu.

Mpwa wako

*

Karakana, 2 Julai

Mpwa wangu,

Simu sijapiga. Barua hukuikataza.

Barua yako ililetwa asubuhi moja wiki iliyopita. Bibi yako alikuwa kwenye kiti, na wateja wawili, mshona viatu na mwenye duka la dawa. Bibi akasema, ni ya mjukuu wangu, soma tusikie. Nikasema nitaisoma baadaye. Akasema, “Soma.” Unamjua.

Nikasoma kwa sauti, mbele ya watu. Nilifika kwenye arobaini na moja, nikaishusha barua. Mshona viatu akaichukua mkononi mwangu akamalizia, taratibu, kwa sababu si msomaji mzuri, na kila neno lilikaa hapa ndani kwa muda wake. Alipomaliza, Bibi akainuka bila fimbo, akaenda nyumbani. Leo ni siku ya tisa, hajaja. Mama yako amekuja mara moja, akasimama mlangoni, akasema, “Mwanangu,” akaondoka. Afadhali angenipiga.

Nilimwandikia Kocha wako. Nilimwambia adhabu ihamie kwangu, nije nioshe baiskeli zao mwaka mzima, nifagie ghala. Amenijibu mstari mmoja: “Wajomba hawamo kwenye kanuni zangu.”

Wiki iliyopita aliingia kijana wa benki na baiskeli ya kaboni, nzuri, anataka kubadilisha cheni. Nikamwambia kabla sijaigusa: mimi nilivunja moja ya hizi nikanyamaza, bado unataka niishike? Akaitazama baiskeli, akanitazama mimi, akaondoka nayo. Nilimwelewa. Wa pili naye kaondoka. Nitaendelea kuwaambia.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Kwa barua nimeshakuonyesha ninavyojua kusema uongo, tena kwa mwandiko mzuri. Nitakuja ukiniita. Usiponiita, nitajua ni kwa nini.

Mjomba

*

Bweni la klabu, 30 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Nimeisema, lakini usijenge ghorofa juu yake.

Bibi amenipigia. Anasema atarudi karakana goti likipoa. Nikamwambia anayeumwa ni yeye, si goti. Akasema siku hizi wanashirikiana.

Bado nipo klabuni. Kocha hakunifukuza, amenipa ile alumini ya zamani niliyoanza nayo. Utafurahi kusikia kwamba ni mbaya vilevile. Inanitetemesha mpaka nasahau nilichokuwa nafikiri, na kwenye kupanda nahisi navuta kitanda. Si chuma chako, si kaboni yao. Kocha ameikagua kila kiungo mbele yangu, kisha akaniambia niikague mimi mbele yake, na sasa kila asubuhi tunafanya hivyo, wanne wote, kila mtu ya mwenzake. Mwezi Oktoba wanachagua tena. Sijui.

Leo tulipanda mlima. Nilifika kileleni wa mwisho, tena wa mwisho wa aibu, wenzangu walikuwa wameshavaa makoti. Halafu tukashuka. Mjomba, sikugusa breki mpaka kona ya tatu. Tangu Machi nilikuwa nashuka nimeng'ang'ania breki, bega limekaza, sikio liko kwenye lile tik, na nilikuwa najiambia huo ni ufundi, kumbe ni woga mtupu. Leo nilimpita wa kwanza, nikampita wa pili, kona ya tano nikaipita nimelala mpaka goti linakaribia lami, napiga kelele kama mwehu.

Chini nikaegesha baiskeli, nikakaa kwenye ukingo wa barabara, nikalia. Kocha alidhani nimeumia. Nililia kwa hasira, kwa sababu niliona kwamba miezi yote ile ningeweza kushuka hivi, kama mmoja wetu angesema.

Njoo mwezi ujao, Jumapili ya kwanza. Sijui nitakuambia nini. Njoo hivyo hivyo.

Mpwa wako